Lori la Pili

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu mmoja nisiyemjua. Yupo mahali fulani, ameamka asubuhi akakuta udongo kwenye kucha zake na hajui umetoka wapi. Pengine ameshaanza kuogopa kulala. Pengine nyumbani kwake wananyamaza akiingia. Nataka ajue kwamba nami nilipita hapo, sikufa wala sikurukwa na akili, ingawa yote mawili niliyakaribia. Habari za dawa wataeleza wenye kazi yao. Mimi nitasema niliyoyaona.

Na usianze kucheka. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba umetoka Sumbawanga, cha kwanza atakuuliza habari za uchawi, halafu anajiona amechekesha kweli. Utani huo umenichosha. Kwetu neno hilo si la mchezo. Mtu likimwangukia, anaweza kupoteza nyumba, watoto, hata uhai, na mimi lilinifikia mlangoni.

Naitwa Mama Deo. Kijiji chetu kiko karibu na Laela, kando ya barabara iendayo Tunduma. Tangu nimeolewa hapa watu wananijua kwa jambo moja, kwamba situlii. Nikikaa, mguu unacheza. Kula nakula nimesimama. Kanisani nakaa mwisho wa benchi, upande wa mlango. Na barabara ile sikuweza kushinda kutwa bila kwenda kuiangalia. Lori likiwa bado huko mteremkoni, wengine hawajasikia kitu, mimi nimeshanyanyuka. Mume wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba mkewe ana masikio ya mbwa, nami nilicheka, maana niliona ni sifa.

Ikaja kuwa sifa kweli. Serikali ilipofungua milango na ushirika haukuwa tena mnunuzi pekee, malori ya watu binafsi yakaanza kuja yenyewe kutafuta mahindi. Wenzangu walikuwa bado wanaulizana kama hiyo ni biashara halali au ni ulanguzi ule ule wa zamani, mimi niko barabarani na magunia yangu. Nikawa wakala. Wenye malori walinipenda kwa sababu hawakuwahi kufika wakanikosa. Nilijiambia basi, Mungu aliniumba na haraka hii kwa makusudi, akijua wakati wake utafika.

Kiangazi cha mwaka huo huo ndoto ikaanza.

Kwa asiyejua kilimo chetu nieleze kidogo. Mvua zinapoelekea kuisha, sisi Wafipa tunalima majani marefu pamoja na udongo wake, tunayalundika, tunayafunika, vinabaki vilima vya duara vinavyofika magotini. Tunaviita ntumba. Majani yanaoza humo ndani, na juu yake tunapanda maharage. Msimu unaofuata tunazisambaza zile ntumba na kupanda ulezi au mahindi. Ndiyo mbolea yetu, hasa tangu ile ya dukani ilipopanda bei ikatushinda.

Sasa katika ndoto niko shambani, naifukua ntumba kwa mikono, jembe sina. Ndani yake kuna mtoto ananiita kwa Kifipa. Nyuma yangu lori limewashwa, linanguruma, dereva anapiga honi. Nafukua haraka, udongo unarudi. Nafukua tena, unarudi. Sijawahi kufika chini. Honi inalia, naamka nikiwa nimechoka kama niliyebeba magunia.

Ndoto moja haimsumbui mtu. Hii ilirudi wiki hadi wiki, mpaka nikaanza kuogopa kitanda. Nikawa nakunywa chai ya rangi nzito nisisinzie, napanga kazi za kufanya, nachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Mwili ukaanza kwenda zake. Gauni la Jumapili likaning'inia, mashavu yakaingia ndani, mikono ikatetemeka hata kushika kikombe. Siku zangu za mwezi zikapotea. Nywele zilitoka na kitana, nikawa nazichoma jikoni kwa siri ili zisiokotwe.

Zahanati walisema malaria. Nikameza klorokwini nikajikuna mgongo mzima kwenye mwimo wa mlango. Walipoona bado, wakasema minyoo, halafu damu. Sikuwalaumu, maana mimi mwenyewe nilipoulizwa nasikia nini nilijibu tu kwamba nimechoka. Nani anaenda hospitali kusema anaota?

Jumapili moja nikasinzia misani. Nasimuliwa kwamba nilipiga magoti kabla ya wakati, nikaanza kuparura sakafu kwa kucha, huku nasema na mtu. Padri alikatiza misa. Nilipozinduka kanisa zima lilikuwa limenigeukia, na kidole kimoja kinavuja damu. Baba Deo alinishika mkono tukatoka nje.

Ilipofika Kwaresima nikaamka na udongo miguuni.

Sitasahau ile asubuhi. Shuka lilikuwa na matope, kucha nyeusi, na mlango niliohakikisha nimeufunga kwa komeo ulikuwa wazi. Baba Deo alinitazama, akatazama shuka, akaondoka kwenda kuchota maji mwenyewe, kazi ambayo hajawahi kuifanya. Siku chache baadaye ikatokea tena. Ndipo akahamia chumba cha watoto, Deo na wadogo zake, akawa anafunga mlango kwa ndani. Iliniumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Nilimuuliza ananiogopa mimi mama yao, akasema haogopi, ila hajui ni nani anayeamka.

Badala yake akaja kulala chumbani kwangu mama mkwe. Huyu ni mama mzito wa maneno. Tangu nilipoolewa hakuwahi kunisifu hata kwa pilau. Alitandika mkeka wake karibu na mlango bila kueleza kitu, nami nikajua nimewekewa mlinzi. Alfajiri nilimsikia anahangaika na ndoo na kuni, anapuliza moto, anakohoa, nikawa nafunika kichwa kwa hasira. Lakini tangu alipohamia, niliamka miguu safi. Nikamshukuru Mungu. Nikasema naanza kupona.

Kumbe kijijini mambo ndiyo kwanza yanachemka. Ntumba za watu zilikuwa zinavunjwa. Leo shamba hili, wiki ijayo lile, ntumba moja au mbili, zimefumuliwa mpaka chini na maharage yake bado machanga. Kwanza walilaumiwa wafugaji. Jirani yetu Mama Kulwa, ambaye familia yake ilihamia hapa na ng'ombe kutoka Usukumani, alikuja kuapa mbele ya mwenyekiti kwamba mifugo yake ilikuwa zizini. Akawaambia watu watumie macho. Mashina ya maharage yalikuwa yamelazwa pembeni, mizizi yote upande mmoja. Alisema ng'ombe hapangi hivyo. Kila mtu akakubali, na hapo ndipo hofu ilipoingia, kwa sababu kama si mnyama ni mtu, na mtu anayefumua ntumba za wenzake gizani, kwetu, anajulikana anataka nini. Anahamisha rutuba. Anaua mashamba.

Kikao kikaamua kwamba maharage yakishavunwa, ataitwa lambalamba. Huyo ni mganga wa kufichua wachawi. Akija, kijiji kizima kinasimama mbele yake, na akimwonyesha mtu ananyolewa na kunyweshwa dawa mbele ya watoto wake. Wengine hawakai tena hapo.

Nilikuwa kwenye kikao hicho. Niliinua mkono na wenzangu kukubali. Miguu yangu si ilikuwa safi? Lakini nilipofika nyumbani nilijitazama mikono, ngozi imechunika vidoleni, nikaificha chini ya kanga.

Baada ya Pasaka Baba Deo alinipeleka Sumbawanga mjini, hospitali. Tulipanda lori la mahindi, mimi mbele na dereva, na kila alipopiga honi nilishika mlango nikitaka kuruka. Hospitalini ulikuwa mwanzo wa ule utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama, watu hawajauzoea, foleni inagombana. Tukaambiwa tungoje. Tukangoja. Kuna benchi pale la mbao lililolainishwa na makalio ya watu. Nilikuwa nasimama, nakaa, nasimama, mpaka mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa akaniwekea karanga za kukaanga mkononi akisema nizimenye, walau vidole vipate kazi. Alinimenyesha karanga asubuhi nzima. Sikumjua jina, na hadi leo nikiona karanga namwombea.

Aliyenipokea mwishowe alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili. Nilipoona kibao cha mlango nilitaka kurudi, Baba Deo akasimama nyuma yangu. Muuguzi alipima, akauliza ya kawaida, halafu akauliza, "Unaota nini, mama?"

Nilianza kulia. Miezi yote ile hakuna aliyeniuliza. Nilimweleza ndoto yote, na udongo, na kanisani. Alifikiri kwanza kwamba nimepoteza mimba au nimezika mtoto. Nikamwambia hapana, wangu wote wazima. Akasema hajui basi, ila kuna watu mwili unaamka na akili imebaki ndotoni, na si uchawi. Alinipa vidonge vya usingizi vilivyonikausha mdomo na kunivimbisha uso. Akaniagiza pia kila asubuhi, kabla sijashika kazi, nimsimulie mtu ndoto yangu nzima. Baba Deo alikataa pale pale. Kwao wanaamini ndoto mbaya ikisimuliwa kabla ya kunawa uso inatimia. Nikabaki na nani? Mama mkwe.

Fikiria mwenyewe. Kila asubuhi mimi na yule mama, yeye anapepeta, mimi nasimulia kama mtoto anayesomeshwa katekisimu. Hakusema pole. Hakusema lolote. Nilimwona kama anakusanya ushahidi, na siku ya lambalamba inakaribia. Vidonge vilinilaza, lakini ndoto haikuondoka, na maharage shambani yalikuwa yanakauka, tayari kuvunwa.

Asubuhi moja akaweka ungo chini.

"Huyo mtoto anayekuita," akasema, "ni wa kike?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nikajibu ni wa kike, bila kufikiri.

"Kwenu mlikuwa wangapi?"

Nikamwambia anajua, mimi ndiye kitindamimba. Akasema nishuke Kaoze, nikamuulize mama yangu, na nisirudi kabla hajanijibu.

Mama alikuwa anaishi Kaoze na kaka yangu, kule chini bondeni, Rukwa. Ukitoka kwenye baridi yetu ukateremka ule ukingo, joto linakupokea usoni. Nilimkuta uani anachagua mbegu. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia akashtuka nilivyokonda. Nikamwambia nimekuja kuuliza jambo. Nikamsimulia ndoto.

Mama aliendelea kuchagua mbegu. Nilimwona anatupa nzima na kubakiza mbovu. Nikamshika mikono.

"Mama, ni nani aliye kwenye ntumba?"

Ndipo akanijibu. Wakati ule wa watu kuhamishiwa vijijini, mimi nikiwa mtoto wa kuanza kuota meno ya pili, lilikuja lori kutuchukua kutoka kijiji chetu cha zamani. Mdogo wangu alikuwa na surua. Alikata roho asubuhi ile ile, lori liko nje, watu wanapakia. Baba alimzika haraka shambani, ambako udongo ulikuwa laini. Mama akapiga ntumba juu yake, ionekane kama zile nyingine, ili fisi wala wageni wasije wakamfukua. Mimi niligoma kupanda lori bila mdogo wangu.

"Nikakuambia anakuja na lori la pili," mama akasema. "Ungepandaje, mwanangu? Dereva alikuwa anapiga honi."

Tulipofika kijiji kipya, alisema, nilisimama barabarani kila siku. Sikukubali kula ndani. Likija gari nakimbia. Ilichukua muda mrefu, halafu siku moja nikaacha, nikacheza na wenzangu, na sikumtaja tena. Mama akaona nimesahau. Alimshukuru Mungu kwamba nimesahau, akakataza nyumbani jina lisitajwe.

Jamani. Sikuwa nimesahau, nilikuwa nimeacha kujua tu. Yule mwanamke asiyekaa, anayekula wima, mwenye masikio ya mbwa, wakala hodari wa malori, niliyemdhani ndiye mimi nikajivunia, alikuwa mtoto yule yule bado yuko barabarani anangoja lori la pili. Na malori yalipoanza kuja kweli, moja baada ya jingine, na hakuna aliyeshuka, ndipo akaamua kurudi mwenyewe kufukua. Nililia uani kwa mama mpaka kaka akatoka shambani kuja kuona nani amekufa.

"Aliitwa nani?" nikauliza.

Mama aliuma mdomo. Akasema hawezi, nisimlazimishe.

Alipanda nami kurudi juu. Tulipita kwanza kwenye kijiji cha zamani. Sasa ni mashamba ya watu, aliyehamishwa hakuachiwa alama. Tulikuta ntumba tele za mwaka huo, maharage yake yanakaribia kuvunwa, hatujui hata ni za nani. Mama alizunguka akitafuta jiwe, mti, kitu chochote. Akaniambia polepole kwamba hatumpati, kwa kuwa kila mwaka wanazisambaza, wanapiga nyingine. Mdogo wangu alikuwa ameshaenea shamba zima. Tulisimama tukafanya ishara ya msalaba, na mama akaokota punje za ulezi zilizobaki tangu mavuno akazifunga kwenye pindo la kanga.

Nilidhani hapo nimepona. Wapi. Wiki ile ile nikaamka vidole vinauma, na habari zikaja kwamba ntumba mbili za Mama Kulwa zimefumuliwa na maharage yaliyokomaa. Watu hawakungoja tena mavuno, lambalamba akafika keshokutwa yake.

Walitupanga uwanjani karibu na shule, wanaume huku, wanawake huku, watoto mbele. Deo alinitazama kutoka kwenye mstari wao, nikashindwa kumtazama. Mganga alifungua mkoba wake, akaanza kupita. Nilijua sasa kwamba ni mimi. Nilijua akinigusa sina la kujibu, kwa kuwa ni kweli.

Kabla hajafika mstari wetu, mama mkwe alitoka mbele.

"Anayevunja ntumba zenu ni huyu mkwe wangu," akasema.

Nilisikia uwanja unavuta pumzi. Nikasema moyoni, haya, amenimaliza.

"Nimemfuata nyuma tangu Kwaresima. Analala huku anatembea. Anafukua kwa mikono, analia kama mtoto mdogo, hachukui hata punje. Maharage nayalaza mimi pembeni, ili mwenye shamba ayarudishie. Halafu namrudisha, namwosha miguu kwa maji ya moto, namlaza. Yeye hajui. Mkitaka kumnyoa, anzeni na mimi."

Zile ndoo za alfajiri. Ule moto, kile kikohozi. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Mganga alidai huo ndio uchawi wenyewe, wawili wanashirikiana. Watu wakaanza kuguna. Ndipo mama yangu akajitokeza, na kwa Kiswahili chake cha shida akaeleza habari za lori, na surua, na ntumba, na lori la pili. Aliposema honi, alishika pindo la kanga. Watu wakaacha kuguna. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa na mkongojo wake akauliza mtoto aliitwa nani.

Mama alinitazama mimi.

"Yustina," akasema.

Yule mzee akatikisa kichwa. Akasema na yeye aliacha makaburi ya watoto wake wawili kule walikotoka, na hajawahi kurudi kuona. Mwanamke mwingine nyuma yangu akaanza kulia bila kusema sababu. Mganga alipaza sauti kuita watu mstarini, lakini mistari ilikuwa imeshavunjika, wakubwa wamekaa chini wanaulizana vijiji vyao vya zamani viliitwaje. Alifunga mkoba akaondoka akilalamika kwamba ameitwa bure. Jioni ile Baba Deo alirudi chumbani na mto wake, akauweka mahali pake. Mama mkwe akakunja mkeka. Nilitaka kumshukuru, akaniambia ugali unaungua.

Niliendelea na vidonge mpaka mvua mpya, na mara mbili zaidi mama mkwe alinirudisha kutoka nje. Halafu ikaisha. Wewe niliyekuandikia, usitegemee siku moja ya ajabu, inaondoka kwa kusuasua. Lakini tafuta mtu wa kumsimulia unachoota, hata kama ni mtu mkavu, na waulize wazee wako maswali wanayoyakwepa. Bado nakula nimesimama mara nyingine. Deo ananicheka, nami namwacha acheke.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia kuisha, nilikwenda kwa kila niliyemvunjia nikampigia ntumba mpya, mchana, macho makavu, kwa jembe. Mama mkwe alinifuata kama kawaida yake, safari hii na jembe lake. Ya mwisho ilikuwa ya Mama Kulwa, shamba lake linapakana na barabara. Tulilundika majani, tukafunika, mama mkwe akapiga kwa ubapa wa jembe, mimi nikachomeka mbegu za maharage, na kileleni ulezi kidogo kutoka kwenye pindo la kanga ya mama. Lori likaja kutoka upande wa Tunduma. Mama mkwe ndiye aliyelisikia, akaacha kulima akanitazama. Likapiga honi, likapita. Nilikuwa nimeshaanza kufunika shimo la mwisho, nikaendelea.